Dawa ya Kijiko

Maneno ya Kamati yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku kikundi chetu kilipotimiza miaka kumi, Mollo, Sumbawanga



Kwenye ratiba imeandikwa kwamba Kamati itatoa taarifa ya maendeleo. Taarifa ya hisa na mikopo imo kwenye kijitabu hiki, Mhasibu ameiandika vizuri na hatuna haja ya kuirudia. Wanachama wametuagiza tuseme habari moja tu, ambayo kwa miaka sita tumekuwa tukiisema kwa kunong'ona. Ni habari ya dawa za wadudu. Wengine mlikuwepo. Wengine mmeisikia vipande vipande sokoni, na vipande vingine vimetiwa chumvi nyingi. Bora tuiseme wenyewe.

Tuanzie mbali kidogo, kwa mbu.

Sisi wa huku juu tumezoea kujisifu kwamba malaria ni ya watu wa bondeni. Ukweli upo ndani yake. Ufipa ni nchi ya juu, hapa tulipo ni kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni maji ya kunawa asubuhi yanauma vidole. Kijidudu cha malaria kikishaingia tumboni mwa mbu kinataka joto ndipo kikomae. Kwenye joto kama la bondeni kinakomaa kwa siku kumi hivi hadi kumi na mbili. Baridi ikishuka chini ya nyuzi 16 hadi 18 hakiendelei, mbu anakufa kabla hajawa na cha kumwambukiza mtu. Ndiyo maana bibi zetu walilala bila chandarua na wakazeeka.

Lakini jamani, nani kati yetu anakaa Mollo mwaka mzima? Hela ya hisa inatoka wapi? Tunateremka Lyamba lya Mfipa kwenda Muze na Mtowisa kufuata mchele na samaki wa Ziwa Rukwa. Wengine wana majaruba ya mpunga huko, wanalala vibandani wiki mbili, tatu. Chandarua kimebaki huku juu, kitandani kwa baba watoto. (Akina baba, msicheke.) Na mtu aliyekulia kwenye baridi mwili wake haujazoea malaria. Mwenyeji wa bondeni, ambaye ameumwa tangu utotoni, anaweza kulala siku mbili akainuka akaendelea na jembe. Sisi tunazidiwa watu wazima kabisa, hadi kuchanganyikiwa. Fungueni daftari la mfuko wa jamii la miaka yetu mitatu ya kwanza: homa, homa, mtoto homa, nauli ya hospitali, homa.

Ndipo tukaweka sharti ambalo wengi walilicheka. Anayekopa kwa ajili ya biashara ya bondeni anakuja na chandarua chake siku ya kuchukua hela, tukione kwa macho, na kiende naye. Tulichekwa kwamba tumegeuka mabwana afya. Sharti lipo hadi leo.

Wale wa umri wetu mnakumbuka vyandarua vya mwanzo vilivyokuwa na adha. Unanunua chandarua, halafu unanunua na dawa, unaichanganya na maji kwenye beseni, unachovya, na baada ya miezi sita unarudia. Huko Kilombero na Ulanga, kati ya mwaka 1996 na 2000, watafiti wa Ifakara walivisambaza kwa njia ya maduka, chandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu, na wakapima matokeo: katika watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne waliokuwa wakilala kwenye chandarua chenye dawa, vifo vilipungua kwa asilimia 27. Mwaka 2004 ikaja Hati Punguzo kwa akina mama wajawazito. Wengine hapa waliipokea wakaenda kuiuza, tusidanganyane. Baadaye vikaja vyandarua ambavyo dawa imo ndani ya uzi tangu kiwandani, havichovywi tena. Kwa nchi nzima, watoto chini ya miaka mitano waliokutwa na malaria kwenye vipimo walikuwa asilimia 18 mwaka 2007 na 2008; mwaka 2022 walikuwa asilimia 8.

Kwa hiyo dawa ya wadudu si adui. Tunalisema hili mapema, kwa sababu baada ya yale tutakayoyaeleza wapo waliotaka kuzitupa dawa zote, hata vyandarua wakavifungulia madirishani.

Sasa tuje nyumbani, kwenye mahindi.

Mnamjua dumuzi. Wengine wanamwita Scania, kwa jinsi anavyobeba mzigo wote asibakize kitu. Aliingia nchini kutoka Amerika, akaanza kuonekana Tabora kuelekea mwaka 1980, na tangu hapo mama hawezi kuweka mahindi ghalani akalala usingizi. Unafungua gunia mwezi wa Januari unakuta unga tupu. Dawa ya unga ya kuchanganya na mahindi ikawa kitu cha lazima kama chumvi. Lakini pakiti nzima ina bei, na mwenye magunia mawili haioni faida yake. Basi sokoni ikazuka dawa ya kijiko. Muuzaji anafungua mfuko mkubwa, anakupimia vijiko viwili au vitatu, anakufungia kwenye nailoni, umeondoka. Mwenye mahindi ananunua hiyo. Mwenye kunguni ananunua hiyo hiyo. Mwenye viroboto, chawa, papasi kwenye sakafu ya udongo, anapewa hiyo hiyo. Haina jina wala kipimo. Inaitwa dawa, basi.

Katika mwaka wetu wa nne mwenzetu mmoja aliomba mkopo wa shilingi 300,000. Kwenye fomu aliandika "biashara ya pembejeo". Tukampigia makofi, maana wengi walikuwa wanakopa kwa ajili ya vitumbua na mitumba. Alirejesha mkopo kwa wakati na riba yake ya asilimia 10, shilingi 30,000. Tukamtolea mfano kwenye mkutano. Biashara hiyo ya pembejeo ilikuwa dawa ya kijiko. Tulijua? Tuseme kweli: zaidi ya nusu yetu tulikuwa wateja wake.

Mwezi wa Novemba mwaka huo mwenzetu mwingine alikuwa anasumbuliwa na kunguni. Mtoto wake wa kiume, miaka minne, alikuwa halali, mwili mzima vipele. Mama akanunua vijiko viwili kwa mwanachama mwenzake, akanyunyiza juu ya godoro, akatandika shuka, mtoto akalazwa. Asubuhi mtoto alikuwa anatoka mate mdomoni kama maji, jasho jingi katika baridi ile, anatapika, anaharisha, na misuli ya mapaja inachezacheza yenyewe. Mboni za macho zilikuwa zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano. Majirani tukajaa. Mmoja akaleta maziwa, mwingine akasema atapishwe kwa mafuta, wa tatu akasema mtoto amerogwa. (Sumbawanga jamani, jina la mji lenyewe maana yake ni tupa uchawi, lakini uchawi ndio kitu cha kwanza tunachokiokota.) Aliyetuokoa ni kijana wa bodaboda, ambaye hakuwa na maoni yoyote. Alisema tu, mpandisheni.

Hospitalini mjini swali la kwanza la daktari lilikuwa: dawa gani? Mama akasema ya kunguni. Inaitwaje? Hajui. Bodaboda akarudishwa Mollo kuleta ile nailoni. Ikaletwa. Ilikuwa nailoni nyeupe yenye fundo. Daktari akaigeuza upande huu na upande huu, akatutazama. Hatutasahau kutazamwa kule.

Alimtibu kwa kufuata dalili alizoziona, sindano za atropini moja baada ya nyingine, na oksijeni. Mtoto alikaa wodini siku sita. Alipona. Yuko darasa la tano sasa, na kwa ruhusa ya mama yake tunasema kwamba leo ndiye aliyewapangia viti wageni.

Baadaye mama nesi alikuja kwenye mkutano wetu akatufafanulia, na hapa tunayaweka kwa maandishi ili yasipotee. Dawa nyingi za kuhifadhi nafaka zina sumu ya jamii ya pirimifosi. Sumu hiyo inaua mdudu kwa kuvuruga mishipa ya fahamu, na mishipa ya mtoto haina tofauti kubwa kiasi cha kuvumilia. Inapita kwenye ngozi, siyo mdomoni tu. Aliyepatwa avuliwe nguo zote haraka, aoshwe kwa maji mengi na sabuni, na anayemwosha ajikinge mikono. Asitapishwe. Maziwa na mafuta hayaondoi sumu hiyo, yanapoteza muda na yanaweza kumpalia mtu aliyelegea. Akimbizwe hospitali, na pakiti yenye maandishi iende naye, kwa sababu sumu za jamii tofauti hazitibiwi sawa. Ndipo tukaelewa ni nini hasa tulichokuwa tunakinunua kwa bei nafuu. Tulikuwa tunapunguziwa yale maandishi.

Mkutano uliofuata ulikuwa mrefu kuliko yote katika miaka kumi hii. Tulikaa darasani shuleni kuanzia saa nane hadi giza. Hatukufungua hata sanduku.

Wapo waliosema, hayo ni mambo ya watu wawili, muuzaji na mnunuzi, wayamalize wenyewe. Wapo waliotaka muuzaji afukuzwe. Yeye mwenyewe alikuwa analia, akatuonyesha mikono yake: ngozi ya viganja imekauka na kupasuka, na akasema vidole hufa ganzi jioni. Kumbe alikuwa anapima kwa mkono kijiko kikipotea. Mfuko wake aliununua kwa mtu wa jumla ukiwa umeshafunguliwa, akaambiwa ni ya mahindi. Na ili ipate kuzidi alikuwa anaichanganya na unga wa muhogo kidogo. Hapo darasa likalipuka. Maana wengine walikuwa wanalalamika miaka miwili kwamba dumuzi wa siku hizi hafi.

Bwana shamba, ambaye tulimwalika atusaidie, aliuliza swali ambalo halikuwa la kilimo. Akasema, ile riba mliigawana vipi? Mhasibu akafungua daftari. Shilingi 30,000 kwa wanachama 28. Ukiigawa sawasawa ni shilingi elfu moja na ushee kila mmoja. Tulishaila. Mama wa mtoto naye alishaila.

Tuliamua mambo matatu, na kila moja lilipita kwa ubishi. Gharama za hospitali zilipwe na mfuko wa jamii, bila kurejeshwa. Kila mwanachama arudishe shilingi 1,000 kwenye mfuko huo. Na kikundi kisikopeshe tena biashara ya dawa iliyofunguliwa, iwe ya mahindi, ya mifugo au ya kunguni. Shilingi elfu ilirudishwa na wanachama 23. Wanne hawakurudisha hadi leo, na mmoja aliondoka kikundini akisema hawezi kulipia dhambi ya mwingine. Hatumlaumu sana. Muuzaji hakufukuzwa. Kura zilikuwa 15 kwa 11, wao wawili hawakupiga.

Ikabaki ile dawa yenyewe. Nyumbani kwake kulikuwa na kilo 11 hivi kwenye kiroba. Jambo hili lilitutoa jasho kuliko kesi. Mmoja alisema imwagwe chooni, bwana shamba akakataa, itashuka kwenye maji. Ichomwe? Moshi wake ni sumu. Ifukiwe? Ni yale yale. Mtoni usiseme kabisa. Bibi mmoja mwanachama wetu alikumbuka utotoni mwake makopo matupu ya dawa za wadudu yalivyogombaniwa kama vyombo vya ndani, watu wakachotea maji. Huku kwetu dawa hizi si wageni wa jana: Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio ya nzige wekundu, ambao wingi wao wa mwaka 1930 hadi 1944 ulikumba nchi nyingi za Afrika, na tangu mwaka 1949 kulikuwa na shirika maalumu la kuwazuia, makao yake Abercorn, ambayo leo ni Mbala, hapo ng'ambo Zambia. Ndege zilinyunyiza sumu bondeni babu zetu wakitazama juu.

Basi kiroba kilitiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, kikaandikwa SUMU kwa rangi nyekundu, kikafungiwa kwenye stoo isiyo na chakula, na barua ikaandikwa kwa ofisi ya kilimo. Kilikaa miezi saba. Funguo za stoo zilikuwa tatu, kama za sanduku letu. Kila mkutano mweka hazina alisoma: fedha zilizopo sandukuni kiasi hiki, na ndoo ipo. Mwishowe maofisa wakaja wakaichukua kwa maandishi, risiti tunayo.

Kutokana na hapo tulijifunza kuuliza, na kuuliza kumetufikisha mbali kuliko tulivyotarajia. Tulijua kwamba kila dawa inayouzwa kihalali ina namba ya usajili. Zamani ilikuwa inatolewa na TPRI ya Arusha. Tangu Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, inayoitwa kwa kifupi TPHPA. Tukajua pia kwamba dawa iliyomo kwenye vyandarua, pairethroidi, imeigizwa kutoka pareto, maua yale yale yanayolimwa nyanda za juu kusini na kukamuliwa Mafinga. Na jamaa wa dawa hiyo hiyo wamo kwenye dawa za mboga na za mahindi. Ukipiga dawa hafifu kwenye bustani ya bondeni karibu na vidimbwi, viluwiluwi vya mbu vinaonja kidogo kidogo. Wanaokufa ni dhaifu, wanaobaki ndio wanazaa. Baada ya miaka unapata mbu sugu anayetua juu ya chandarua kama anatua juu ya kanga. Unga wa muhogo wa mwenzetu ulikuwa unafanya kazi hiyo hiyo kwa dumuzi.

Huu usugu ni kweli, si hadithi. Zanzibar walinyunyiza DDT majumbani kuanzia mwaka 1958 hadi 1968, malaria ikashuka chini ya asilimia 10. Walipoacha ikarudi kwa nguvu, na waliporudi na DDT miaka ya themanini wakakuta mbu hawaijali kama mwanzo. Kwa bara, Muleba huko Kagera walijaribu chandarua chenye kiungo cha pili kiitwacho PBO kinachomvunja nguvu mbu sugu, na Misungwi, Mwanza, wakajaribu chenye dawa ya klofenapiri. Vyote vilifanya vizuri kuliko vya kawaida, na Shirika la Afya Duniani likakubali cha kwanza mwaka 2017 na cha pili 2023. Kwa hiyo ukigawiwa chandarua kipya usikibandike kwenye banda la kuku, hata kama cha zamani bado hakijatoboka. Kifue kwa sabuni ya kawaida, kianike kivulini.

Kwa mahindi, wengi wetu tumehamia kwenye ile mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, ya PICS na mingine ya aina hiyo. Mahindi yakikauka sawasawa na mfuko ukafungwa vizuri, dumuzi anakosa pumzi anakufa bila dawa yoyote. Mfuko ni ghali kuliko kiroba, na panya akiutoboa umekwisha. Mwaka wa kwanza wanachama watano walifunga mahindi mabichi yakaoza, tukasutwa kijiji kizima. Sasa tunayapima kwa chumvi kwenye chupa kavu: tikisa punje na chumvi, chumvi ikigandia chupani, rudisha juani.

Na anayeiuza mifuko hiyo hapa Mollo ni yule mwenzetu. Alikopa tena mwaka wa sita. Anauza na dawa pia, pakiti zilizofungwa tu, ndogo na kubwa, na hajifichi akikataa kukata pakiti. Wateja wengine wamemkimbia, wanateremka sokoni mjini kwa wenye vijiko, maana vijiko bado vipo, Ndugu Mgeni Rasmi, nenda leo utavikuta. Mama wa mtoto na yeye hawakusalimiana kwa mwaka mzima. Sasa wanashika funguo mbili kati ya tatu za sanduku. Kama wamesameheana hatujui, hatujawahi kuwauliza.

Ombi letu kwako ni moja. Hatuombi fedha. Kata hii haina mahali pa kupeleka dawa iliyoharibika au kopo tupu. Nyumba ngapi zina nailoni zenye fundo chini ya kitanda, wenyewe hawajui wazitupe wapi? Tunaomba chumba chenye kufuli, mtu wa kuwajibika nacho, na siku moja kwa mwaka ya kukusanya. Ndoo tutatoa sisi, na rangi nyekundu ilibaki nusu kopo.

Chakula kipo tayari, kuna ugali wa ulezi kwa wazee na wali wa Muze kwa wengine wote.